Udongo na Nta

Watu wengi waendao kutazama mbio za farasi hutazama juu. Hutazama shingo za farasi, rangi za mavazi ya wapandaji, na mjeledi unavyopanda na kushuka. Ni wachache watazamao chini, mahali kwato zinapogusa ardhi. Na hao wachache aghalabu ni watu ambao wamekwisha kupoteza fedha. Mimi ni mmoja wao. Nakiri hayo mapema ili msomaji ajue kwamba insha hii, ijapokuwa ni habari ya mambo yaliyopita na ina tarehe zake, haikuandikwa na hakimu aliyekaa mbali. Imeandikwa na mshabiki aliyesimama kwenye ua wa kiwanja na karatasi ya dau mkononi, naye ana sehemu yake katika kisa kinachosimuliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kati ya mwaka 2006 na mwaka 2007 jimbo la California katika Marekani liliondoa udongo katika viwanja vyake vikubwa vya mbio za farasi, likaweka mahali pake ardhi iliyoundwa na watu kwa mchanga, nyuzi, mpira na nta, ili farasi wasivunjike miguu. Mashindano makuu ya ubingwa yalikimbiwa juu ya ardhi ya namna hiyo mara mbili, mwaka 2008 na mwaka 2009, katika kiwanja cha Santa Anita. Kisha, kabla ya mwaka 2010 kwisha, kiwanja hicho hicho kiliifukua ardhi hiyo na kurudisha udongo. Nataka kueleza kwa nini iliwekwa, kwa nini ilifukuliwa, na ni nani waliofurahi ilipofukuliwa.

Yafaa nianze na jinsi mwalimu wa Kiswahili alivyofika huko. Katika miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi katika jiji la Los Angeles, nikiandika tasnifu yangu ya udaktari na kuwasomesha vijana wa Kimarekani ngeli za majina kwa ujira mdogo. Santa Anita iko katika mji wa Arcadia, karibu na jiji hilo, chini ya milima ya San Gabriel. Nilikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya milima, maana mtu aliyekaa miezi mingi baina ya rafu za vitabu hutamani kuona kitu kirefu kisichokuwa na jalada. Nilirudi mara ya pili kwa ajili ya gazeti.

Gazeti hilo ni Daily Racing Form, lililoanzishwa Chicago mwaka 1894. Humo maisha ya kila farasi yameandikwa kwa mistari myembamba ya tarakimu na vifupisho: alikimbia lini, wapi, umbali gani, juu ya ardhi ya namna gani, alikuwa wa ngapi mwanzo, wa ngapi katikati, na wa ngapi mwisho. Mzee mmoja aliyezoea kusimama mahali pale pale kila Jumamosi, fundi wa mabomba aliyestaafu, alinionyesha jinsi ya kuisoma. Kwa mtu aliyezoea kuhangaika na miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambamo irabu moja iliyosahauliwa yaweza kugeuza maana ya ubeti mzima, raha ya kusoma mistari ile haikuwa ngeni. Ilikuwa raha ile ile ya kulazimisha maandishi makavu yaseme. Tofauti ni kwamba mswada haukulipi ukiusoma vema.

Najua kwamba wako wasomaji ambao dini zao zinaharimisha kamari, na wengine ambao wameona nyumba zikianguka kwa sababu yake. Sina hoja ya kuwapinga. Nitaieleza kamari hapa kama mtu aelezavyo mto uliofurika: si kuusifu, bali kuonyesha ulichokisukuma.

Sasa tutazame ardhi. Katika Ulaya farasi hukimbia juu ya nyasi, na wasomaji wa Nairobi wanaokijua kiwanja cha Ngong wameona jambo hilo kwa macho yao. Nyasi zina mizizi, na mizizi huushika ukwato. Farasi hupata mahali imara pa kujisukumia. Kwa sababu hiyo mbio za nyasi aghalabu huanza polepole, kundi likienda pamoja, na nguvu huwekwa akiba mpaka hatua za mwisho. Wamarekani walichagua njia nyingine. Viwanja vyao hukimbiwa siku nyingi mfululizo, mbio nane au tisa kwa siku, na hapana nyasi ziwezazo kustahimili mateso hayo. Wao hutumia udongo uliochanganywa na mchanga, ambao matrekta huulima na kuusawazisha baina ya mbio moja na nyingine. Juu ya udongo ukwato huteleza kidogo unapotua, kisha ardhi humeguka chini yake. Farasi aliye mbele huwarushia walio nyuma madonge ya udongo usoni, na wengi hawapendi kupigwa usoni. Basi mbio za udongo huwapendelea wenye kasi ya kwanza: hutoka mbio tangu lango linapofunguliwa, na atakayestahimili maumivu ya mapema ndiye ashindaye.

Msomaji ataona kwamba hizi si namna mbili za mchezo mmoja. Zakaribia kuwa michezo miwili. Wamarekani wamezalisha farasi kwa udongo vizazi na vizazi, wakachagua baba na mama kwa udongo, wakaandika tarakimu zao zote juu ya udongo. Farasi wa udongo ana damu yake, na mcheza dau wa udongo ana elimu yake.

Elimu hiyo ina thamani kwa sababu ya namna dau linavyopokelewa huko. Katika miaka ya 1860 mjini Paris, Joseph Oller alibuni mpango ambao umeenea dunia nzima. Fedha zote zinazowekwa hutiwa katika kapu moja. Mwenye kiwanja na serikali hutoa fungu lao. Na kilichobaki hugawanywa kwa wale waliomchagua mshindi. California iliruhusu dau la namna hiyo mwaka 1933, na Santa Anita ikafunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1934. Katika mpango huu mwenye kiwanja hajali ni farasi gani ashindaye, maana fungu lake ni lile lile. Mshindani wa mcheza dau ni yule jirani aliyesimama naye bega kwa bega. Ukijua jambo asilolijua yeye, fedha zake zitakuja kwako. Na akijua yeye, zako zitakwenda kwake. Mwaka 1975 mwandishi Andrew Beyer alitoa kitabu chake Picking Winners, akafundisha jinsi ya kuipima kasi ya kila farasi kwa tarakimu moja baada ya kukadiria ugumu au ulaini wa kiwanja siku ile. Tangu mwaka 1992 tarakimu zake huchapishwa katika Daily Racing Form. Jengo lote hilo la maarifa, kuanzia mzee wangu wa mabomba hadi wataalamu wenye mashine za kuhesabu, lilisimama juu ya msingi mmoja: kwamba udongo wa leo ni ndugu wa udongo wa jana.

Kilele cha mchezo huu ni mashindano yaitwayo Breeders' Cup, Kombe la Wafugaji. Yalipendekezwa na John Gaines, mfuga farasi wa Kentucky, mwaka 1982, na yakakimbiwa mara ya kwanza tarehe 10 Novemba 1984 katika kiwanja cha Hollywood Park, California. Siku hiyo palikuwa na mbio 7 na zawadi za dola milioni 10, na mbio kuu, iitwayo Classic, ya umbali wa maili 1 na robo, peke yake ilikuwa na dola milioni 3. Alishinda Wild Again, farasi ambaye wenyewe walilipa dola 360,000 ili aruhusiwe kuingia, na ambaye karibu hapana mtu aliyemtazamia. Waliomwamini walipata zaidi ya mara 31 ya dau lao. Tangu siku hiyo kombe limekuwa likihama kutoka kiwanja hadi kiwanja, na farasi wa Ulaya huvuka bahari kuja kushindana. Kwa kawaida waliweza kutamba katika mbio za nyasi. Classic ilikuwa ya udongo, na udongo ulikuwa wa Wamarekani.

Lakini farasi walikuwa wakifa. Jambo hili halikuwa siri, ila lilikuwa likisemwa kwa sauti ya chini, kama watu wa nyumba moja wanavyousema ugonjwa wa mmoja wao. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo mia tano hivi, naye kwa kasi kamili huuweka uzito huo juu ya mguu mmoja mwembamba kuliko mkono wa mwanamume. Mfupa ukivunjika, mara nyingi hauungiki, kwa kuwa farasi hawezi kulala kitandani akingoja kupona. Kiwambo cha kitambaa huletwa, kinasimamishwa mbele ya watu, na daktari huingia nyuma yake na sindano. Tarehe 20 Mei 2006 Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby wa mwaka ule, alivunjika mguu wa nyuma katika kiwanja cha Pimlico mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama televisheni. Aliuguzwa miezi minane, akafa tarehe 29 Januari 2007.

Wakati huo kulikuwa na dawa iliyoonekana kuwa tayari. Nchini Uingereza kiwanja cha Lingfield kilikuwa kimeweka mwaka 2001 ardhi iitwayo Polytrack, iliyobuniwa na Martin Collins: mchanga, nyuzi na vipande vya mpira, vyote vimepakwa nta ili maji yapite na ukwato upokewe kwa upole. Mwaka 2005 kiwanja cha Turfway Park, Kentucky, kiliitandika, cha kwanza katika Marekani kukimbiwa juu yake. Mwaka 2006 bodi ya mbio za farasi ya California ikaamuru viwanja vikubwa vya jimbo viwe na ardhi ya kuundwa kufikia mwisho wa mwaka 2007. Hollywood Park ilitii mwaka 2006. Del Mar, Santa Anita na Golden Gate Fields zikafuata mwaka 2007, kila kimoja kikinunua ardhi ya fundi kilichompenda.

Amri hiyo ilitolewa kwa haraka, na haraka ililipwa. Ardhi hizo zilikuwa nzuri katika nchi ya mawingu na baridi. California ni nchi ya jua. Nta hulainika kwa joto, na katika Del Mar wakufunzi walilalamika kwamba kiwanja walichofanyia mazoezi alfajiri hakikuwa kiwanja kile kile waliposhindana alasiri. Santa Anita ilipatwa na aibu kubwa zaidi. Mvua za mwanzo wa mwaka 2008 ziliponyesha, ardhi iliyonunuliwa kwa sababu hupitisha maji ilikataa kuyapitisha, na siku 11 za mbio zikapotea. Ikabidi itengenezwe upya, na baadaye mwaka huo huo kiwanja kilikuwa na ardhi nyingine, Pro-Ride, iliyotoka Australia, ambamo gundi ilishika mahali pa nta. Tuliosimama uani tulicheka sana. Kicheko kile nakikumbuka, kwa kuwa hapakuwa na farasi ndani yake. Tulicheka fedha za watu wakubwa zilizoingia maji.

Hata hivyo mambo mawili yaliyotokea juu ya udongo yalipasa kutufumba midomo. La kwanza lilitokea tarehe 27 Oktoba 2007, katika kiwanja cha Monmouth Park, New Jersey, siku ya Breeders' Cup. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa uji. Curlin, farasi wa Kimarekani mwenye umri wa miaka mitatu, alishinda Classic kwa nguvu za kutisha. Nyuma yake, George Washington wa Ireland hakumaliza. Huyu alikuwa ameshinda mbio za 2000 Guineas katika nyasi za Newmarket mwaka 2006, kisha akapelekwa kuzalisha. Ilipodhihiri kwamba uzazi wake ni hafifu, alirudishwa kazini. Alivunjika mguu wa mbele ndani ya tope lile, na kiwambo kikaletwa. La pili lilitokea tarehe 3 Mei 2008 huko Churchill Downs: Eight Belles, farasi jike aliyekuwa wa pili katika Kentucky Derby, alipita mstari wa mwisho, kisha miguu yake miwili ya mbele ikavunjika. Hakuondoka mahali pale akiwa hai.

Basi Breeders' Cup ilipofika Santa Anita tarehe 24 na 25 Oktoba 2008, ilikuwa mara ya kwanza Classic kukimbiwa juu ya kitu kisichokuwa udongo. Curlin alikuja kutetea ubingwa wake. Mwaka ule alikuwa ameshinda Dubai World Cup, na mapato yake yalikuwa yamevuka dola milioni 10, jambo ambalo farasi yeyote wa Amerika ya Kaskazini hakuwa amelifikia. Nilisoma mistari yake kwa siku nne. Kila mstari ulisema kwamba hapana farasi wa kumshinda, na kila mstari, nilipoutazama vizuri, ulikuwa umeandikwa juu ya udongo au nyasi. Niliona hivyo na nikapita, kama mhariri anavyopita juu ya neno lisilopatana na nadharia yake. Niliweka dola 40, ambazo kwangu zilikuwa chakula cha juma zima.

Katika kona ya mwisho Curlin aliwazunguka wenzake kwa nje, akashika uongozi, na watu wote wakasimama. Kisha, mahali ambapo udongo ungalimwacha aende zake, hakwenda. Miguu yake ilifanya kazi ile ile, lakini ardhi haikumjibu. Raven's Pass, aliyefunzwa Uingereza na John Gosden na kupandwa na Frankie Dettori, akampita kama mtu apitaye mlango ulio wazi. Henrythenavigator wa Ireland akampita pia, na mwingine tena, Curlin akawa wa nne. Katika siku mbili hizo farasi waliotoka Ulaya walishinda mbio tano. Waliomchagua Raven's Pass walilipwa zaidi ya mara 13 ya fedha zao. Mzee wangu wa mabomba alikuwa mmojawapo. Alinionyesha gazeti lake: pembeni mwa jina la kila farasi wa nyasi alikuwa ametia alama ndogo ya kalamu. Aliniambia kwamba mimi nilikuwa nimemsoma farasi, naye alikuwa amesoma ardhi.

Hasira za washabiki baada ya siku hiyo zilikuwa kubwa, na zangu zilikuwamo. Tulisema kwamba ubingwa umeibiwa. Kwamba Classic imegeuzwa mbio za nyasi zisizo na nyasi. Kwamba kumbukumbu za miaka mingi zimefanywa takataka. Jess Jackson, tajiri wa mashamba ya mizabibu na mmoja wa wenye Curlin, aliiita ardhi hiyo plastiki, na neno hilo likawa tusi la kila mtu. Mwaka uliofuata alikuwa na farasi jike wa ajabu, Rachel Alexandra, aliyeshinda Kentucky Oaks kwa zaidi ya urefu wa farasi 20 na kisha akawashinda madume katika Preakness. Jackson alikataa kumleta Santa Anita. Kwa sababu hiyo mkutano uliotamaniwa kuliko yote, baina ya Rachel Alexandra na Zenyatta, haukutokea kamwe.

Zenyatta alikuwa wa California. Alikuwa farasi jike mkubwa wa mwili, mwenye tabia ya kutembea kwa madaha kabla ya mbio kana kwamba anacheza ngoma, na tabia ya kukimbia wa mwisho mpaka watu wake wakaribie kukata tamaa. Tarehe 7 Novemba 2009 aliingia Classic akiwa hajashindwa hata mara moja. Alianza nyuma ya wote. Mike Smith, mpandaji wake, alimpitisha katikati ya kundi, akamtoa nje, na katika hatua za mwisho akawapita madume mmoja mmoja hadi akampata Gio Ponti. Alikuwa jike wa kwanza kushinda Classic. Sauti iliyotoka katika majukwaa yale sijaisikia tena mahali popote, hata katika fainali za mpira. Watu wazima walikuwa wakilia, na baadhi yao walikuwa wamepoteza fedha.

Siku hiyo nilitambua jambo ambalo sikutaka kulitambua. Ardhi niliyoitukana mwaka mzima ilikuwa imenipa mbio nzuri kuliko zote nilizoziona. Wenye ubishi walisema kwamba Zenyatta ni zao la plastiki. Haikuwa kweli: alikuwa amekwisha kushinda juu ya udongo huko Oaklawn, Arkansas, mwaka 2008, akarudia mwaka 2010, na katika Classic ya mwaka 2010, juu ya udongo wa Churchill Downs, alishindwa na Blame kwa kichwa tu, akitokea nyuma kabisa. Huko ndiko kushindwa kwake pekee katika mbio 20.

Udongo ulirudi Santa Anita tarehe 26 Desemba 2010. Wenye kiwanja walitoa sababu zao, nazo hazikuwa za uongo: mvua, gharama, malalamiko ya wakufunzi kwamba majeraha yamehama kutoka mifupani kwenda kwenye mishipa na misuli ya nyuma. Lakini nilikuwapo, na najua sababu iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Ilikuwa yetu. Wacheza dau hawakuipenda ardhi ile kwa kuwa hawakuweza kuisoma, na kiwanja huishi kwa fungu litokalo katika kapu la wacheza dau. Viwanja vingine vikafuata: Keeneland ya Kentucky mwaka 2014, Del Mar mwaka 2015. Hata Dubai, iliyojenga kiwanja cha fahari cha Meydan na kukifungua mwaka 2010 kikiwa na ardhi ya nta iitwayo Tapeta, ilirudisha udongo kwa wakati wa mashindano ya mwaka 2015. Hollywood Park ilifungwa mwaka 2013. Golden Gate Fields peke yake katika California ilishika ardhi yake ya kuundwa, mpaka ikafungwa mwaka 2024.

Tarakimu nazo ziliendelea kuandikwa, ila si zile za Daily Racing Form. Tangu mwaka 2009 Jockey Club ya Marekani imekuwa ikihesabu farasi wanaokufa kwa majeraha ya mbio. Mwaka ule wa kwanza walikufa 2.00 katika kila farasi 1,000 walioingia mbioni. Hesabu hiyo imeshuka tangu hapo, kwa sababu nyingi zilizo njema: uchunguzi wa madaktari, masharti ya dawa, na ulimaji bora wa viwanja. Lakini tofauti baina ya ardhi na ardhi haikuondoka. Katika mwaka 2022 juu ya udongo walikufa 1.44 katika kila 1,000. Juu ya nyasi 0.99, juu ya ardhi ya kuundwa 0.41. Mtu mwangalifu atasema kwamba farasi wa ardhi hizo tatu si wa daraja moja, na kwamba mwaka mmoja ni mfupi. Ni kweli. Mimi husema hivyo hivyo kwa wanafunzi wangu kuhusu miswada. Ila katika kuhesabu huku kila mwaka, ardhi ile tuliyoicheka haijapata kuwa ya kuua zaidi ya udongo.

Mwaka 2002 mfanyakazi wa kampuni ya mashine za dau aliingia katika mitambo siku ya Breeders' Cup na kubadili karatasi za marafiki zake, ili wapate dola zaidi ya milioni 3. Aligunduliwa upesi, akafungwa, na washabiki kote Marekani walipiga makelele, kwa haki kabisa: alikuwa ametia mkono katika kapu letu. Nilipokuwa nikipitia magazeti ya miaka ile kwa ajili ya insha hii, nililinganisha makelele hayo na yale yaliyopigwa kwa ajili ya George Washington, miaka mitano baadaye. Kwa ajili ya fedha tulidai sheria. Kwa ajili ya farasi tulivua kofia, tukangoja kiwambo kiondolewe, tukafungua gazeti katika ukurasa wa mbio zilizofuata.

Kati ya tarehe 26 Desemba 2018 na mwisho wa Juni 2019 farasi 30 walikufa Santa Anita, katika mbio na katika mazoezi, baada ya msimu wa mvua nyingi. Mbio zilisimamishwa mwezi wa Machi, wanasiasa walifika, watu wenye mabango walisimama langoni. Breeders' Cup ilifanywa hapo mwaka huo huo hata hivyo. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, nikaitazama Classic ya tarehe 2 Novemba 2019 usiku wa manane kwa simu, na sauti imezimwa ili nisiwaamshe watu. Vino Rosso alishinda. Kabla hajafika mwisho, farasi mmoja, Mongolian Groom, alijitenga na wenzake akichechemea. Niliona kitambaa cha kiwambo kikiletwa mbio, nikafahamu, kabla mtangazaji hajafungua kinywa, kwamba nilikuwa nimeitazama ile ardhi niliyoitaka.

Mzee wa mabomba hayupo tena. Mwanawe alinipelekea gazeti lake la mwaka 2008, lile lenye alama za kalamu, nami nimeliweka pamoja na nakala zangu za tenzi.

Kiwanja cha mashindano cha Santa Anita kingali cha udongo, na Breeders' Cup ilirudi hapo mwaka 2023. Mwaka huo huo wenye kiwanja waliweka Tapeta katika njia ndogo ya mazoezi iliyo kando yake. Alfajiri, kabla ya watazamaji kufika, farasi hufanyishwa mazoezi huko juu ya mchanga uliopakwa nta. Alasiri, madirisha ya dau yanapofunguliwa, hukimbizwa juu ya udongo.